Nyota zinasema niache dawa, moyo unakataa

Mshauri, salamu.

Naandika nikiwa na karatasi mbele yangu ambayo nimeifuta kwa raba mpaka imeanza kutoboka. Naomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujaniambia nikamwone daktari, maana karatasi yenyewe nimepewa na daktari.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nimeugua sonona mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 26, ikapita baada ya miezi 7 hivi bila dawa. Mara ya pili ni miaka 3 iliyopita, na hiyo ilinimaliza. Nilikuwa silali, sili, na mwanangu akilia nilikuwa namsikia kama analia nyumba ya jirani. Dada yangu mkubwa alihamia kwangu kwa wiki 6. Nikaanzishiwa sertralini, kwanza 50 mg, baadaye 100 mg, na hadi leo ninaimeza kila asubuhi. Ni zaidi ya miaka 2 sasa niko vizuri. Nafanya kazi, nalala, nacheka.

Lakini dawa imenigharimu. Hamu ya tendo la ndoa haikupungua, imekufa. Nimeongezeka kilo 9. Na hisia zangu ni kama zimefunikwa blanketi. Kwenye msiba wa mjomba wangu sikutoa chozi, na mjomba huyo nilimpenda.

Mwezi uliopita daktari wangu, ambaye nimekuwa naye kwa miezi 5 tu, aliniambia kwa hali yangu naweza kuendelea na dawa au kuipunguza mpaka niache. Njia zote mbili zinakubalika, uamuzi ni wangu. Akanipa mwongozo wa uamuzi wa kurasa 4, nikaujaze nyumbani nirudi nao. Ukurasa wa kwanza unaeleza njia mbili, kuendelea na kuacha. Wa pili una picha ya watu 100 wadogo wadogo, mara mbili: kati ya wanaoendelea na dawa, 39 hurudiwa na sonona ndani ya mwaka mmoja, kati ya wanaoacha, ni 56. Wa tatu una sababu za kila upande, na mbele ya kila sababu unaweka nyota, kuanzia 0 hadi 5, kulingana na uzito wake kwako. Wa nne una nafasi ya maswali. Huo bado mweupe.

Upande wa kuacha una sababu 6, wa kuendelea una 4. Kwenye zile 6, moja haikuwemo. Mume wangu aliiongeza kwa kalamu ya bluu: "Tupate tena maisha yetu ya ndoa." Akaweka nyota 5 yeye mwenyewe. Simlaumu, amevumilia mengi. Kwa upande wa kuendelea kuna moja niliyoipa nyota 5 bila kufikiri: sitaki mtoto wangu anione tena vile. Nimejumlisha. Kuacha, 21. Kuendelea, 14.

Kwa hiyo jibu ni kuacha, sivyo? Lakini nikijaribu kusema kwa sauti, "Daktari, naacha," viganja vinatoka jasho. Mume wangu anasema watu 44 kati ya 100 wanaacha na wanakuwa salama, kwa nini nisiwe mmoja wao. Dada yangu, aliyenilisha kwa kijiko, anasema 56 ni zaidi ya nusu na mimi nina bahati mbaya siku zote. Usiku nakaa na kuwahesabu wale watu wadogo, nikijiuliza mimi ni yupi.

Kuna jambo jingine. Mwaka mmoja na nusu uliopita niliwahi kuacha bila kumwambia mtu. Nilimeza nusu, yaani 50 mg, kwa siku 5, kisha nikaacha kabisa. Siku ya tatu bila dawa nilipata kizunguzungu, nikigeuza macho nasikia kama umeme unapita kichwani, ndoto za kutisha, hasira, kulia bila sababu. Nikarudi kwenye dawa, na baada ya siku 2 nikawa sawa. Daktari wa wakati ule aliniambia hiyo ni sonona imerudi, na kwamba mimi ni mtu wa dawa maisha yote.

Nimebakiwa na wiki 2 kabla ya miadi. Je, niifuate karatasi au moyo? Na kwani kuchagua si kazi ya daktari? Nikimwomba aniamulie, ataniona mjinga?

Ni mimi,
Mhesabu Nyota

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa dada,

Asante kwa kuandika kwa undani namna hii, pamoja na namba zake. Nikikuelewa vizuri, umeulizwa swali moja, kuendelea na sertralini au kuipunguza hadi kuiacha, lakini umebeba matatu kwa wakati mmoja. Karatasi inasema hivi na moyo unasema vile. Daktari unamwona kama amekutua mzigo mikononi akaondoka. Na watu wawili wanaokupenda wanakuvuta, kila mmoja upande wake.

Sitakuambia uache, wala sitakuambia uendelee. Si kwamba nakukwepa. Kwa mtu aliyekaa vizuri zaidi ya miaka 2 baada ya vipindi viwili vya sonona, ni kweli njia zote mbili zinakubalika kitabibu, na kinachozitofautisha ni vitu unavyovijua wewe. Ombi langu la kwanza ni moja tu: usipunguze hata nusu kidonge kabla ya hiyo miadi.

Tuanze na nyota, maana ndizo zinazokunyima usingizi. Nyota hazikuwekwa ili zijumlishwe kama kura. Angalia hesabu yako mwenyewe: 21 zimetoka kwenye sababu 6, na 14 zimetoka kwenye sababu 4. Gawanya. Kila upande unakupa wastani wa nyota 3 na nusu. Upande wa kuacha "umeshinda" kwa sababu una mistari mingi zaidi, basi. Halafu mmoja kati ya mistari hiyo hukuuandika wewe na nyota zake hukuziweka wewe. Uondoe kwa muda, unabaki na 16 kwenye sababu 5, na wastani unashuka hadi 3.2. Nakuonyesha hivi si ili uhamie upande wa pili. Nataka uone jinsi jumla inavyoweza kupinduliwa na mstari mmoja tu, na kwa hiyo haifai kupewa mamlaka ya kukuamulia maisha.

Tena nyota zina dari. Haziwezi kupita 5. Sababu yako ya mtoto imepata 5, na ya mumeo imepata 5, kana kwamba zina uzito sawa. Zina uzito sawa kwako? Labda ndiyo, labda hapana. Kazi ya ukurasa huo ni kukusaidia uzione sababu mbili tatu ambazo ndizo zinazoshika mizani, ili uzungumze na daktari kuhusu hizo badala ya zote 10. Karatasi ikisema hivi na moyo ukikataa, mara nyingi maana yake ni kwamba kuna jambo halijaandikwa kwenye karatasi. Kwenye barua yako mimi nimeona matatu.

La kwanza ni zile siku ulizoacha kimyakimya.

Umeishi mwaka mmoja na nusu ukiamini kwamba sonona ilirudi. Soma tena tarehe ulizoniandikia. Dalili zilianza siku ya tatu. Zilikuja na kizunguzungu na ule umeme kichwani ukigeuza macho. Zikaondoka siku 2 baada ya kurudia dawa. Kurudiwa na sonona kwa kawaida huja polepole, kwa wiki au miezi: usingizi unaanza kuharibika, hamu ya mambo inapungua, mawazo yanakuwa mazito. Na sonona iliyorudi haiondoki kwa siku 2 za dawa, kwani hata mtu anapoanza dawa mara ya kwanza, kwa kawaida huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu. Dalili zinazoanza ndani ya siku chache, zenye kizunguzungu na mshtuko kama wa umeme, zinazotulia haraka dawa ikirudi, huo ndio mwenendo wa dalili za kuacha dawa ghafla. Kutoka huku siwezi kusema kwa hakika nini kilikupata. Hali hizi mbili huweza kuchanganyika, na daktari wa wakati ule aliona vitu ambavyo mimi sikuviona. Lakini daktari wako wa sasa anapaswa kuzisikia tarehe hizo kama ulivyoniandikia mimi, siku kwa siku. Nina hofu hajui kabisa kwamba uliwahi kuacha.

Kwa nini uliumia vile? Sertralini hufanya kazi kwa kuziba vibebeo vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Kwa 50 mg tu, takribani asilimia 80 ya vibebeo hivyo huwa vimezibwa, na ukiongeza hadi 100 mg kiwango hupanda kidogo. Maana yake, kutoka 100 kwenda 50 ubongo hauoni tofauti kubwa, lakini kutoka 50 kwenda sifuri ni kama kuruka kutoka ghorofani. Wewe uliruka hivyo baada ya siku 5. Ndiyo maana wanaopunguza kwa mpango huchukua hatua ndogo zaidi kadiri wanavyokaribia mwisho, kwa mfano 100, 75, 50, 37.5, 25, 12.5, na wengine chini ya hapo, wakikaa wiki 2 hadi 4 kwenye kila hatua na kusimama pale dalili zinapokuja. Hatua za chini huhitaji kidonge kukatwa, au dawa ya maji pale inapopatikana. Kumeza siku moja na kuruka siku moja si njia nzuri kwa sertralini, maana nusu yake huondoka mwilini kwa takribani siku moja, na kiwango kinakuwa cha kupanda na kushuka. Huu ni mfano wa kukuelewesha, si dozi ninayokuandikia.

Wala si kila anayeacha hupata dalili hizo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2024 uliona kwamba takribani watu 31 kati ya 100 walioacha dawa za sonona walipata dalili. Waliokuwa wakiacha vidonge visivyo na dawa ndani, bila kujua, nao walizipata, 17 kati ya 100. Dalili kali ziliwapata takribani 3 kati ya 100. Kwa hiyo hofu yako ina mahali ilipotoka, lakini huenda inakumbuka namna ulivyoacha kuliko kuacha kwenyewe. Au huenda sivyo. Hilo mliweke mezani wewe na daktari.

Sasa wale watu 100 unaowahesabu usiku.

Namba hizo za 39 na 56 zinafanana na matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2021, uliowahusisha watu 478 waliokuwa wametumia dawa muda mrefu na kujiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Mume wako anasoma 44 waliobaki salama, dada yako anasoma 56 waliorudiwa, na wote wanasoma picha moja. Hebu isome kwa namna ya tatu. Chukua watu 100 kama wewe. Takribani 44 wangebaki salama mwaka ule hata wakiacha. Takribani 39 wangerudiwa hata wakiendelea kumeza. Wanaobaki katikati ni 17, na hao ndio ambao dawa ingewaletea tofauti. Yaani wakiendelea watu 6, kwa kadirio, mmoja anaepushwa kurudiwa mwaka huo kwa sababu ya dawa. Hakuna mtu anayeweza kukuambia wewe uko kundi gani, na bahati mbaya unayosingiziwa na dada yako haimo kwenye hesabu. Sonona ina tabia ya kukufanya ujipange mapema kwenye kundi la walioshindwa. Ukijikuta unafanya hivyo usiku, ngoja uisome picha hiyo tena asubuhi.

Usisahau namba ya 39. Wengi huipita. Kuendelea na dawa si bima kamili, na mtu anayechagua kuendelea kwa imani kwamba hatarudiwa kamwe ameisoma chati vibaya sawa na anayeacha kwa kutazama 44 peke yake.

Kuna mawili ya kuuliza kuhusu namba zenyewe. Washiriki wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 54, na dawa yao ilipunguzwa kwa takribani miezi 2. Wewe una 34, na kasi yako inaweza kuwa tofauti. Wapo wataalamu wanaoona kwamba baadhi ya waliohesabiwa kuwa wamerudiwa huenda walikuwa na dalili za kuacha dawa, kama zile zako. Wengine hawakubaliani nao. Muulize daktari: namba hizi zimetoka wapi, karatasi ilisahihishwa lini, na kwa mtu mwenye historia yangu ungezisogeza juu au chini? Mwongozo mzuri wa uamuzi huandika tarehe yake na walioutengeneza, na hutumia idadi ileile na muda uleule kwa kila njia, kama wako ulivyofanya kwa 100 na mwaka mmoja. Hapo wamekutendea haki.

Jambo la pili lisilokuwemo kwenye karatasi yako ni njia zenyewe. Karatasi ina safu mbili. Maisha yako, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yanahitaji nne au tano. Hebu tazama vitu vinavyokuumiza: hamu ya tendo la ndoa, kilo 9, na hisia zilizofunikwa. Vyote ni malalamiko juu ya dawa hii kwa dozi hii. Je, ni malalamiko juu ya kutumia dawa? Sijui, na ningependa ujiulize.

Kuna njia ya kushuka hadi 50 mg na kukaa hapo. Ni dozi inayowatosha wengi, na wengine hupata nafuu ya madhara. Hatari yake ni kwamba uliwahi kupandishwa kutoka 50 kwa sababu fulani. Unaikumbuka? Kuna kubadili dawa. Bupropioni kwa kawaida haigusi hamu ya tendo la ndoa wala haiongezi uzito, lakini haifai kwa aliyewahi kupata kifafa au matatizo makubwa ya ulaji, na si kila mahali inaruhusiwa kwa sonona. Mirtazapini husumbua tendo la ndoa kwa kiasi kidogo, ila huleta usingizi na uzito, na wewe tayari una kilo 9 za kulalamikia. Kubadili kuna hatari yake ya wazi: unaachana na dawa unayojua inakufaa na kuingia kwenye usiyoijua.

Kuna pia tiba ya mazungumzo ya kuzuia kurudiwa. Ipo moja inayounganisha tiba ya fikra na mazoezi ya utulivu wa akili, ya vikao 8 vya kila wiki vya takribani saa 2 kwa kikundi. Utafiti wa Uingereza wa 2015 uliowahusisha watu 424 uliilinganisha, pamoja na kupunguziwa dawa, na kuendelea na dawa: kwa miaka 2 waliorudiwa walikuwa 44 kwa 100 upande wa vikao na 47 kwa 100 upande wa dawa, tofauti ndogo isiyoweza kutegemewa. Lakini washiriki wale walikuwa wameugua mara 3 au zaidi, wewe mara 2, na walifanya mazoezi kwa kweli, siyo kusikiliza tu. Ukifikiria kuacha, swali la "naacha na kuweka nini mahali pake" lina haki ya kuwa na safu yake.

Na kuna kusubiri. Kuendelea kwa miezi 6 kisha kulifungua tena swali hili ni uamuzi halali kabisa, hasa kama mbele yako kuna kuhama, kazi mpya au jambo lolote zito. Watu wengi hudhani karatasi hii ni mlango unaofungwa nyuma yao. Ukiacha unaweza kurudi. Ukiendelea unaweza kuacha mwakani.

Kuhusu hamu ya tendo la ndoa, nikuulize kwa heshima: ilikufa lini? Ndani ya wiki za kwanza za dawa, ulipopandishwa hadi 100, au ilishaondoka na sonona kabla ya kidonge cha kwanza? Jibu linabadilisha mengi. Sertralini huleta tatizo hili mara nyingi, na kwa wengi huondoka dawa ikiondoka. Kwa wachache hubaki hata baada ya kuacha. Na kama ilianza kabla ya dawa, au kama kati yenu kuna machungu ya ile miezi mibaya ambayo hamjawahi kuyazungumza, kuacha kidonge hakutayamaliza, na mume wako anaweza kuvunjika moyo kwa kusubiri kitu ambacho dawa haikukichukua.

Hapo ndipo ile kalamu ya bluu inapoingia. Nimeipenda barua yako kwa kutomlaumu, na mimi simlaumu. Amesema anachokihitaji, ni haki yake. Ila ana haki ya kukwambia, hana haki ya kuweka nyota. Miongozo mingine ya uamuzi ina sehemu maalumu kwa ajili hiyo: nani mwingine anahusika, yeye anapendelea nini, je, anakushinikiza, na anaweza kukusaidia vipi. Chukua ukurasa wa nne ulio mweupe, andika maswali hayo manne, ujaze mstari wa mume wako na mstari wa dada yako. Kisha kwenye ukurasa wa tatu, kama sababu hiyo ni yako pia, iandike upya kwa mkono wako na kwa maneno yako, na uipe nyota zako. Zikiwa 5, ni 5. Zikiwa 2, ni 2.

Swali la mwisho kati ya yale manne ndilo ningelikazia zaidi. Ukiendelea, mume wako atakusaidiaje? Ukiacha, dada yako atakusaidiaje? Wewe si mtu mzuri wa kutambua sonona yako inaporudi. Karibu hakuna aliye mzuri, maana ugonjwa unamwambia mtu kwamba anaona mambo jinsi yalivyo. Dada yako alikuona tangu mwanzo. Mwombe akuandikie dalili 3 alizoziona kwanza, kabla hujaacha kula. Hizo ziingie kwenye mpango wako, njia yoyote utakayochukua, pamoja na fomu ya kupima sonona iitwayo PHQ-9, ya maswali 9, inayotoa alama 0 hadi 27: ijaze kila baada ya wiki 2, na mkubaliane na daktari mapema alama ngapi zikipanda unampigia simu bila kusubiri miadi. Swali la 9 la fomu hiyo linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Hilo halisubiri jumla. Jibu lolote zaidi ya sifuri ni simu ya siku hiyohiyo, na kama ni usiku au hali ni ya hatari, ni huduma ya dharura.

Jambo la tatu ambalo halimo kwenye karatasi ni maoni ya daktari.

Umeuliza kama kuchagua si kazi yake. Uamuzi wa pamoja, kama jina lilivyo, una watu wawili. Daktari huleta anachokijua kuhusu ugonjwa na dawa, wewe unaleta unachokijua kuhusu maisha yako, halafu mnaamua. Mwongozo ulitengenezwa kusaidia mazungumzo hayo, haukutengenezwa kuyachukulia nafasi. Mapitio makubwa ya 2024 yaliyokusanya tafiti 209 za miongozo hii yalionyesha kwamba wanaoitumia huelewa zaidi njia walizo nazo na huwa na picha sahihi zaidi ya hatari, bila dalili ya kuumia kiafya. Utafiti wa Marekani wa 2015, kwa watu 301 waliokuwa wakichagua dawa ya sonona kwa kutumia kadi wakiwa pamoja na daktari, uliona wagonjwa wakitulia zaidi na uamuzi wao, lakini sonona yenyewe haikupungua zaidi kuliko kwa wengine. Basi usitarajie karatasi ikuponye. Na zingatia maneno "pamoja na daktari". Kadi zile zilisomwa mezani, watu wawili, wakiulizana. Wewe umepewa kurasa 4 ukazisome peke yako usiku. Huenda daktari wako alikusudia ukaanze tu, mmalizie naye. Huenda hakufafanua. Usimhukumu kwa neno "uamuzi ni wako", lakini pia usilipokee kana kwamba limekufungia mlango.

Kumwomba maoni si ujinga. Mtu anaweza kutaka kuamua mwenyewe baada ya kusikia maoni, anaweza kutaka kuamua na daktari bega kwa bega, na anaweza kutaka daktari aamue. Zote tatu ni nafasi halali, na unaruhusiwa kubadili katikati. Hatari ya ile ya tatu ni kwamba daktari aliyekujua kwa miezi 5 atakuamulia bila kujua habari ya msibani, ya kalamu ya bluu, wala ya zile siku ulizoacha. Mwambie kwanza, kisha muulize. Unaweza kusema hivi: "Nimejaza, lakini nimekwama. Kabla sijasema langu, ungekuwa unanichagulia, ungeegemea wapi na kwa nini? Na ni habari gani kunihusu ingekufanya ubadili mawazo?" Swali la pili ndilo zuri zaidi, kwa sababu linamlazimu kukuonyesha hoja zake zinasimama juu ya nini.

Siku moja kabla ya miadi, mchana, si usiku, jiulize maswali manne ambayo wataalamu wa maamuzi hutumia. Una uhakika kuhusu njia iliyo bora kwako? Unazijua faida na hatari za kila njia? Unajua ni faida na hatari zipi zina uzito zaidi kwako? Una msaada na ushauri wa kutosha? Kila ndiyo ni alama 1, na chini ya 4 ni ishara kwamba bado kuna kazi. Kwa kusoma barua yako, naona la pili ulikuwa unalifahamu kwa nusu, na la nne umepata hapana. Ukifika na alama 2, mwambie daktari ni mbili na ni zipi. Huna haja ya kutoka chumbani mwake siku hiyo ukiwa umeamua.

Nyota zako ziache kwa penseli. Juu ya ukurasa wa tatu andika tarehe uliyoujaza, na uache nafasi ya tarehe nyingine. Halafu kwenye ukurasa wa nne, chini ya mistari ya mume na dada, andika zile siku za mwaka mmoja na nusu uliopita: siku ya kwanza ulimeza ngapi, siku ya tatu bila dawa ulihisi nini, ulirudia lini, ulitulia lini. Anza miadi kwa kumsomea mistari hiyo, kabla hamjagusa nyota hata moja.